Buni Nilizotwanga kwa Ujuaji Wangu

Nimeacha kazi mwezi uliopita, na nyinyi wasichana wa jikoni mkaniomba niwaandikie ilivyokuwa zamani. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo msitafute koma mahali pake. Mjukuu wangu Kanini ni mwalimu, na nilimsomesha kwa mwiko huu huu mnaougombania sasa. Ameahidi kusahihisha herufi tu na maneno ayaache. Akiyagusa nitajua.

Sitaandika nilipandishwa lini wala nililipwa nini. Mambo hayo yana karatasi zake, na panya wamezisoma kuliko mimi. Miaka ya karibuni mliiona wenyewe. Nitaandika ya mwanzo, na zaidi nitaandika habari ya neno moja, kwa sababu neno hilo lilinifundisha upishi kuliko sufuria zote nilizosugua.

Nilifika Garissa mwaka wa sitini na nne, nikimfuata mume wangu aliyekuwa fundi wa mabomba. Kwetu ni Mwingi. Nilikuja na mtoto mgongoni, kinu kichwani na mchi mkononi. Dereva wa lori alisema kinu kitalipa nauli. Nikamwambia basi kiandikie tiketi kwa jina lake. Akawasha injini.

Zahanati ilikuwa ndogo, wodi mbili na jiko la mabati upande wa mtoni. Mpishi mkuu alikuwa Mzee Athman, mtu wa Lamu, mwembamba kama uzi, kofia nyeupe hata mbele ya moshi. Siku ya kwanza hakunipa kisu wala mwiko. Alinipa ndoo ya maji ya Tana, mekundu kama matofali, na kipande cha shabu.

"Zungusha," akasema.

Nikazungusha shabu ndani ya maji mpaka mkono ukafa ganzi. Tope likaanza kushuka, maji ya juu yakawa meupe.

"Kesho utazungusha tena. Na kesho kutwa. Mpishi asiyejua maji yake hajui kitu, hata akijua pilau."

Wiki mbili nilizungusha shabu. Wiki ya tatu nilipewa uji. Uji wa wagonjwa mnaujua: ukiinua upawa udondoke kama kamba, usikatike, usikokote. Alinifundisha kuni za mgunga kwa maharage na kuni nyepesi kwa maziwa. Alinifundisha kutomsemesha mgonjwa habari ya chakula kabla hajakinusa. Alikuwa mkali, lakini hakunifokea mbele ya watu hata mara moja, na hilo wachache wenu mnaliweza.

Jiko hilo lilikuwa na lugha nyingi kuliko sufuria. Mlinzi wetu Guyo alikuwa Mborana, jamii ya Waoromo, wa upande wa Garba Tulla. Njeru, dresa wa vidonda, alitoka Embu. Wagonjwa karibu wote walikuwa Wasomali, wafugaji. Kila kitu kilikuwa na majina manne, na kila mwenye jina alidai lake ndilo lililozaliwa kwanza.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa buni. Mzee Athman alikuwa akijichemshia kahawa chungu kila alasiri, na siku moja alijisemea tu kwamba buni zake zimekwisha. Guyo alikuwa amekaa mlangoni.

"Hizo unaita nini?"

"Buni. Ni neno la Kiarabu, bunn. Waarabu wa Yemeni ndio walioijua, wakatuletea Lamu na dele la kuichemshia."

Guyo alicheka mpaka rungu likamwanguka. "Mwarabu? Mti uliota kwetu Waoromo, milimani kule Habeshi! Sisi tunasema buna. Mwarabu alikuja kununua, akauliza hii ni nini, tukamwambia buna. Akaenda nayo, herufi moja ikamdondoka majini."

Kupitia dirisha la wodi, mgonjwa mmoja aliyekuwa anakufa tangu asubuhi akapata nguvu ya kupaza sauti: "Ni bun! Ni ya Wasomali! Mwarabu alichukua hata ahsante hakusema!"

Njeru alikuwa anachemsha vifaa vyake vya vidonda. "Kwetu tunailima, na hatugombani hivi. Kahawa nzuri inakobolewa, inaoshwa, inakwenda kiwandani. Ile inayokaukia mtini na maganda yake, au inayookotwa chini, ndiyo tunaita mbuni. Takataka. Ukipeleka mbuni peke yake, karani anakutazama kama mwizi."

"Mbuni ni yule ndege wa miguu mirefu," Guyo akasema. "Huyo na wewe mko sawa, mwajua kukimbia tu, hamjui mnachokimbilia."

Mimi Mkamba nilikuwa na neno kaawa tu, na hiyo kaawa nilikuwa nimeionja mara mbili. Lakini nilisikiliza. Nikamtazama Mzee Athman akikaanga, akitwanga, akichemsha na tangawizi. Baada ya mwezi nilijiona bingwa. Bun, buna, bunn, buni, mbuni: nilisema moyoni, hawa wote wanasema kitu kimoja na mimi nimekijua. Juzi Kanini aliniangalizia kamusini. Anasema wenye elimu wanampa Guyo mti, ila neno bado wanalivutana kama tulivyolivuta sisi. Na kahawa yenyewe, eti Waarabu wa kale waliita hivyo mvinyo. Nashukuru Mzee Athman alikufa bila kulisikia hilo. Angeacha kunywa.

Kisha vita vya serikali na waasi wa mpakani vikakaza. Nyinyi mmesoma habari zake, mimi nitasema nilichokiona kutoka mlangoni pa jiko. Wafugaji walihamishiwa ndani ya uzio, na ng'ombe wakafa kwa njaa wakitazama majani ng'ambo ya waya. Jua likizama hakuna anayetoka. Magari hayakwenda peke yake, yalikwenda kwa msafara, na askari mbele na nyuma. Mwaka wa sitini na sita mabomu yalianza kuzikwa barabarani. Dereva akiaga asubuhi, mkewe alikuwa anahesabu vyombo vya chakula cha jioni mara mbili.

Dereva wetu alikuwa Abdi, kijana mrefu, mcheshi, anaimba kuliko injini. Alipeleka dawa Wajir, na mara nyingine mpaka Elwak. Mama yake, Halima, alilazwa kwetu kwa kidonda cha mguu kisichotaka kufunga. Tulimwita Ayeeyo, ndiyo kusema nyanya. Abdi alimwita Hooyo, mama, lakini siku hizo alimwita kwa mbali, kupitia kwa watu. Hawakuwa wakionana.

Njeru ndiye aliyenieleza. Baba yake Abdi alikuwa amefariki, na Halima aliandaa bun ya dua. Kwao buni huliwa. Hukaangwa nzima kwenye samli ndani ya chombo cha mti, watu wanainua viganja, wanaomba, kisha wanatafuna na kujipaka ile samli kichwani. Dua ikiwa katikati, honi ya msafara ikalia nje. Abdi akainuka. "Hooyo, bun itangoja, lori haingoji." Na kwa haraka yake akaliruka bakuli.

Halima akamwambia mbele ya watu wote: "Njia usiyoiombea ikumeze."

Laana ya mama kwa Wasomali si maneno ya hasira ya kufutwa na chai. Abdi hakuimba tena. Halima naye alijuta usiku ule ule, lakini alikuwa mkaidi kwa utaratibu: neno lililotokea juu ya bun litarudi juu ya bun. Vinginevyo halijarudi. Tatizo ni kwamba barabara zilikuwa zimefungwa, na Garissa nzima hapakuwa na buni. Hata dele la Mzee Athman lilikuwa limelala kifudifudi miezi mitatu.

Asubuhi moja Halima aliniita kitandani. Chini ya mto alikuwa na kopo. Ndugu yake alimletea kutoka Lafey, amelifunga tumboni njia nzima. Ndani palikuwa na viganja viwili vya buni kavu na maganda yake.

"Naa, Mama Mwende," akanong'ona kwa Kiswahili chake kinachogeuza p kuwa b, "Abdi kesho nakwenda na msafara. Mguu hii habana nisimama moto. Wewe najua kubika bun?"

"Ayeeyo, mimi?" nikasema. "Lala. Nimefundishwa na Mlamu."

Mzee Athman alikuwa Lamu kwa likizo ya macho. Guyo alikuwa amelala, zamu yake ilikuwa ya usiku. Ningeweza kumwamsha. Ningeweza kumwuliza Halima mwenyewe. Sikuuliza mtu.

Nilikoboa buni zile moja moja, maganda nikawamwagia kuku. Nilizikaanga mpaka zikawa nyeusi. Nilizitia kwenye kinu changu cha Mwingi nikazitwanga mpaka zikawa unga laini, na nilikuwa naimba. Nikachemsha na tangawizi, nikatia sukari yangu ya nyumbani, nikatandika kitambaa kwenye sinia. Nikapita wodini nimeinua kidevu.

Halima alitazama kikombe. Akatazama nyuma yangu kama vile kuna mtu mwingine anakuja.

"Bun iko wabi?"

"Ndiyo hii, Ayeeyo."

"Bun iko wabi?"

Nikamwelekezea kikombe. Alichovya kidole, akakinusa. Hakupiga kelele. Angepiga ningemshukuru. Alirudisha kile kidole juu ya shuka, akakifuta polepole, akageukia ukuta.

Mwanamke wa kitanda cha pili ndiye aliyenipasulia. "Umeua bun! Inabasuka na ganda yake, ndiyo dua nafunguka. Hii umefanya maji ya Mwarabu!"

Kesho yake Abdi aliondoka kwenda Wajir. Nilimwona akipita dirishani pa mama yake, akasita, akaendelea. Halima hakula uji wangu siku hiyo. Wala siku ya pili. Alikula tende alizoletewa na watu wa nje, na maji alimwomba Njeru.

Siku ya nne zikaja habari kwamba lori limelipuliwa upande wa Modogashe. Lori gani, hakuna anayejua. Nilichukua upawa nikazungusha uji mpaka ukaungua, mimi ambaye sijaunguza uji tangu siku ile mpaka leo. Halima alikaa kitandani wima, tasbihi mkononi, midomo inatembea. Siku ya sita lori letu likaingia na Abdi usukanini. Lililolipuka lilikuwa la wengine. Na hao wengine walikuwa na mama zao.

Nilidhani yameisha. Nikakimbilia jikoni Abdi alipokuja kuomba chai.

"Nenda kwa mama yako, mtoto wewe! Umerudi mzima, laana iko wapi?"

Alishika kikombe kwa mikono miwili, akatikisa kichwa. "Mama Mwende, kulipuka limelipuka lori ya mbele yangu. Njia ilikuwa inanitafuta, ikakosea namba. Safari ijayo ni Elwak, wiki tatu kutoka sasa. Mimi nitasimama mbele ya Hooyo na nini? Na mikono mitupu?"

Hapo ndipo nilipokwenda kwa Njeru. Nilimkuta anakunja bandeji.

"Ile takataka ya kwenu," nikasema. "Mbuni. Mama yako anayo?"

"Iko nyuma ya nyumba kwenye mkeka, kuku wanaichakura. Kwa nini?"

"Iko na maganda?"

"Mbuni ni maganda na aibu, basi."

"Mwandikie akuletee."

Aliweka bandeji chini. "Nimwandikie mama yangu kwamba huku wananiagiza mbuni? Atasema jua limenipiga. Ataleta mchungaji."

"Mwandikie. Au kidonda cha mwanamke yule utakifunga peke yako, maana mtu asiyekula hafungi kidonda. Wewe dresa unalijua hilo kuliko mimi."

Aliandika. Barua ikaenda Nairobi kwa gari la kuleta dawa, na kutoka Nairobi sijui ikapanda nini. Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili Mzee Athman akarudi na miwani. Nilimwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na wodi nzima. Alivua miwani, akaifuta.

"Ulimwuliza anavyoipika?"

"La."

"Basi mimi ndiye sikukufundisha," akasema, akaenda kupima chumvi. Afadhali angenipiga na mwiko.

Wiki ya tatu, siku moja kabla ya msafara wa Elwak, gari la dawa liliingia alasiri. Chini ya masanduku ya bandeji palikuwa na kifuko cha gunia kilichoshonwa kwa uzi wa katani, na barua. Njeru alinisomea mbele ya jiko lote. Mama yake aliandika kwamba ameleta mbuni zote za mkekani, na kama huko watu wamefikia kula mbuni, basi anawaombea sana, na ameweka na maharage kilo kadhaa ili wasife.

Nilibeba kifuko mpaka kitandani kwa Halima, nikakifungua mbele yake. Alichota kiganja kimoja, akazitikisa sikioni zikalia. Akanusa. Akaniuliza, "Ya nani?"

"Za mama yake Njeru. Embu."

"Huko naita nini?"

"Mbuni."

"Bun," akasema, akikubali, kama mtu aliyemwona ndugu wa mbali na kutambua pua yake.

Nikamwambia, "Ayeeyo, nielekeze. Sijui."

Asubuhi aliomba atolewe nje kwa kiti. Tukawasha moto uani. Kila tunda kavu, akaniambia, linaumwa ncha kwa meno kwanza, ili lifunguke ndani ya samli. Usipouma linaruka, linamchoma mtu jicho. Guyo, aliyekuwa ameacha usingizi kwa ajili ya jambo hilo, alisema kwao Borana kazi hiyo huitwa kuchinja buna, na mwenye nyumba ndiye huchinja. Halima alifungua kinywa akatuonyesha. Meno ya mbele hayakuwepo.

"Wewe natwanga," akanielekezea kidole. "Sasa wewe nauma."

Niliuma. Tunda moja moja, viganja vitano, sita. Maganda makavu yana uchungu unaokaa nyuma ya ulimi, na midomo yangu ikavimba. Halima alikagua kila moja. Zile nilizouma vibaya alinirudishia. Mzee Athman alipita, akatazama, akasema kimya kimya kwamba maisha yake yote amekunywa buni na leo ndiyo mara ya kwanza anaona zikichinjwa.

Samli ilipochemka tukazimwaga. Zikapasuka, pa, pa, pa, na harufu ikaenda mpaka nje ya uzio. Watu wakaanza kuja, wanawake kwanza, kisha wazee, kisha askari wa msafara waliodhani ni nyama. Abdi alisimama mbali karibu na lori, anajifanya anakaza matairi yaliyokwisha kukazwa.

"Warya, Abdi!" Halima akaita. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa sauti yake tangu aje wodini.

Alikuja. Alipiga magoti mchangani, mtu mrefu vile, akawa mfupi kuliko kiti. Halima alishika bakuli, akaomba kwa Kisomali, mstari kwa mstari, na watu wakaitika amin. Sikuelewa yote. Nilielewa jina la njia, na jina la Elwak, na pale sauti yake ilipokwama akaanza mstari upya. Kisha akachovya vidole kwenye samli, akampaka mwanawe kipajini, mabegani, mikononi. Hakumwambia nisamehe, wala yeye hakumwambia. Alimtilia buni kinywani kwa mkono wake kama mtoto anayeota meno.

Halafu akataka apelekwe kwenye lori. Akapaka milango. Akapaka usukani.

"Hooyo, utateleza!"

"Shika na nguvu," akamjibu.

Koplo wa msafara, mtu wa bara, alikuwa akitazama saa. Halima akamnyoshea bakuli. Koplo akachungulia.

"Mama, hii si mavi ya mbuzi?"

"Ni kahawa, afande," Njeru akasema. "Ya kwetu Embu. Tafuna."

"Kila mtu nabanda gari, natafuna," Halima akasema. "Asiyetafuna nabaki."

Askari wakapanga mstari. Waluo, Wakalenjin, Wakamba wenzangu, wote bunduki begani, wanatafuna na kukunja nyuso. Njeru naye akatafuna mbuni ya mkeka wa mama yake kwa mara ya kwanza maishani. "Kumbe," akasema, akachota nyingine.

Wakaondoka, vumbi likimganda Abdi kwenye samli ya kipajini.

Elwak ni mbali. Zilipita siku saba, nane, kumi. Halima alikuwa anakula uji sasa, na kidonda kilikuwa kimeanza kushika, lakini kila asubuhi alijikokota kwa mguu ule mpaka langoni, akakaa kwenye jiwe, akarudi jua likiwa kali. Tukimwuliza anasema anafanya mazoezi kama dresa alivyosema. Njeru hakuwa amesema hivyo. Siku ya kumi na moja nilimpelekea kikombe cha maji pale langoni, na tukaona vumbi. Tulihesabu magari pamoja. La nne lilikuwa letu. Mkono uliotoka dirishani ulikuwa mrefu.

Nilimgeukia nimshike, sikumkuta. Mwanamke wa kidonda alikuwa amekwisha fika mlangoni pa wodi, kikombe changu amekiacha kwenye jiwe. Nilipoingia nyuma yake alikuwa kitandani, shuka mpaka shingoni, macho ameyafumba, anakoroma kidogo.

Abdi aliingia na vumbi lake, akavua viatu, akasimama miguuni pa kitanda.

"Hooyo?"

Halima akajigeuza polepole, kama mtu aliyekatizwa usingizi mzuri.

"Nani?" akauliza.

"Ni mimi, Hooyo."